Wamebadilisha mazabodi, leseni ya Windows ikaondoka nayo, sasa wananiambia si kazi yao

Wakuu, mnivumilie, naandika nikiwa na hasira na wiki ya tatu hii napigwa danadana.

Laptop yangu niliinunua mpya, Windows 11 Home ikiwa ndani tangu kiwandani. Leseni halali, imelipiwa humohumo kwenye bei ya mashine. Ikazima ghafla siku moja: hakuna taa, feni kimya, chaji haiingii. Waranti ilikuwa haijaisha, kwa hiyo sikuhangaika na mafundi wa pembeni, nikaipeleka kwenye kituo kinachotambuliwa na watengenezaji wenyewe. Wakapima, wakasema mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani, imekufa, wataweka nyingine ya modeli ileile. Baada ya siku 12 wakanipigia nikaichukue.

Nikaiwasha palepale kaunta. Kabla haijafika popote, ikaja skrini ya bluu ya BitLocker, ule mfumo wa Windows unaofunga diski kwa usimbaji, inataka ufunguo wa kurejesha diski, tarakimu 48. Hilo silalamikii, nalielewa. Chipu ya TPM inayotunza siri za diski imo kwenye mazabodi, ukileta mazabodi nyingine lazima diski ishtuke. Ufunguo nilikuwa nimeuchapisha kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, nikauingiza pale pale nimesimama. Lakini mtu ambaye hana karatasi hiyo, na hajui kama ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yake, anafanyaje? Kazi zake za miaka zimefungiwa ndani. Na wakati napokelewa mashine hakuna aliyeniuliza kama ninao. Swali la sekunde tano tu.

Diski ikafunguka, mafaili yote yapo, nikatia saini nikaondoka.

Kesho yake nipo mbele ya wateja, nimeunganisha projekta naonyesha michoro ya jengo, na pale kona ya chini kulia, juu ya mchoro wangu, maandishi ya kijivu yananitaka niamilishe Windows, yaani nithibitishe kwamba leseni yangu ni halali. Hayaondoki. Ukifungua programu nyingine yapo, ukijaza skrini yapo. Mteja mmoja akauliza kwa sauti kama natumia programu za wizi. Nimelipia kila programu iliyomo kwenye mashine ile, na nikaulizwa hivyo mbele za watu.

Nikaenda kwenye Mipangilio, sehemu ya uamilishaji. Kosa 0xC004F211. Maana yake kwa lugha ya kawaida: vifaa vya mashine hii vimebadilika, leseni haiitambui tena.

Sasa niwaeleze kinachonikera hasa, maana wengi wanadhani hili ni bahati mbaya tu ya kompyuta. Zamani laptop ilikuja na stika chini yake yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wengi wanauandika ufunguo huo ndani ya chipu ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, kwenye jedwali linaloitwa MSDM, na Windows inausoma yenyewe inapowekwa. Ndiyo maana ukifuta diski na kuweka Windows upya kwenye laptop yako huulizwi ufunguo. Juu ya hapo kuna leseni ya kidijitali: mfumo unachukua alama za vifaa vyako, unatengeneza utambulisho wa mashine, na utambulisho huo unatunzwa kwenye seva za Microsoft. Ukiongeza RAM hakuna neno. Ukibadilisha diski, kwa kawaida inapita. Mazabodi ndiyo yenye uzito kuliko vyote. Ikibadilika hiyo, mashine inahesabiwa kuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo fundi alipoifungua ile mazabodi mbovu na kuitoa, aliitoa na ufunguo wangu.

Na hawa hawawezi kusema hawajui. Mazabodi ya akiba ikitoka stoo haina jina la mtu, ni tupu. Vituo rasmi vinapewa programu maalumu ya kuiandikia namba ya mfululizo wa mashine, jina la modeli na taarifa nyingine, na watengenezaji wana utaratibu wa kutia ufunguo mwingine wa Windows kwenye mazabodi iliyowekwa kwa waranti. Hata masharti ya leseni hizi za kiwandani yako upande wa mteja: mazabodi ikibadilishwa kwa sababu ya ubovu, ikawekwa ya modeli ileile au inayolingana nayo chini ya waranti, hiyo ni kompyuta ileile na haidai leseni mpya. Ningekuwa nimeibadilisha kwa kutaka yenye nguvu zaidi, sawa, hapo ningenunua nyingine nikanyamaza. Mimi sikutaka mazabodi mpya. Yao ilikufa.

Nikaingia kwenye BIOS kuhakikisha. Mstari wa modeli una maandishi, mstari wa namba ya mfululizo upo wazi, hakuna hata herufi moja. Nikaigeuza laptop, stika ya chini ina namba kamili, nyeusi, inasomeka vizuri. Nikarudi ndani ya Windows, nikafungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, na kuuliza ufunguo ulioandikwa kwenye BIOS:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Jibu ni mstari mtupu. Nilipiga picha vyote vitatu. Yaani fundi alifunga skrubu, akaona skrini inawaka, akaandika kwenye fomu kwamba kazi imekamilika.

Nikajaribu njia za mteja pia, msije mkaniambia sikujaribu. Kuna kitatuzi cha matatizo ndani ya Mipangilio, unachagua kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni, unaingia na akaunti yako, unaichagua mashine. Njia hiyo ipo tangu toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016, na inataka leseni iwe imeunganishwa na akaunti kabla ya kubadilisha vifaa. Yangu ilikuwa imeunganishwa. Mashine yangu ya zamani naiona kwenye orodha kwa jina lake, naichagua, nasubiri, inakataa. Nimerudia mara nne.

Nikawaandikia watu wa msaada wa Microsoft. Aliyenijibu alinieleza kwa ustaarabu kabisa: leseni hii ilitolewa kupitia mtengenezaji wa laptop, aliyebadilisha mazabodi ndiye wa kuirejesha. Nikachapisha mazungumzo yale, nikarudi kituoni.

Kaunta jibu lilikuwa hili, nalinukuu kama lilivyo: "Leseni ni mambo ya programu, sisi tunashughulika na vifaa." Nikamwonyesha picha ya BIOS isiyo na namba. Hiyo nayo ni programu? Akasema atamuuliza msimamizi, nije baada ya siku mbili. Nikaenda baada ya siku mbili, msimamizi hayupo. Nikapiga simu ya watengenezaji, wakaniomba namba ya mfululizo, nikawasomea ya kwenye stika, wakaniambia niwasiliane na kituo kilichonihudumia. Kituo kinanirudisha kwa watengenezaji. Mchezo ndio huo mpaka leo.

Safari ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike hapa. Fundi akanivuta pembeni, akashusha sauti, akasema kuna kiprogramu anaweza kuniwekea kwenye dakika mbili na maandishi yatapotea. Ndani ya kituo rasmi! Vingi vya hivyo viprogramu vinaidanganya Windows kwamba mashine ipo ndani ya shirika lenye seva ya KMS, yaani seva ya shirika inayoamilisha kompyuta zake zote, utaratibu uliowekwa kwa taasisi zenye kompyuta kuanzia 25, ambao uamilishaji wake unadumu siku 180 kisha unahuishwa. Ili kifanye kazi unatakiwa kwanza uzime kinga ya virusi. Nizime kinga, nimpe kitu nisichokijua mamlaka yote ya mashine yenye michoro ya wateja wangu, ili nipate kwa wizi kitu nilichokwisha kukinunua? Nilimkatalia, na nilimkatalia kwa sauti ili waliokuwa kwenye foleni wasikie.

Najua watakuja watu kusema mashine inafanya kazi, masasisho ya usalama yanaingia, kinachozuiwa ni kubadilisha rangi na picha ya ukutani, basi nitulie. Ni kweli inafanya kazi. Lakini nilikabidhi laptop yenye leseni, nikarudishiwa isiyo na leseni wala namba yake ya mfululizo. Hata ikiharibika tena kesho, programu ya watengenezaji ya kukagua waranti haitaitambua, maana kwenye BIOS haina utambulisho. Hiyo si rangi ya ukutani.

Jumatatu narudi kwa mara ya nne na barua, nakala mbili, moja wagonge muhuri nibaki nayo. Nimeandika mambo mawili tu: waandike namba ya mfululizo kwenye mazabodi, na waweke ufunguo wa Windows 11 Home kupitia mtengenezaji. Picha tatu nimeambatanisha, pamoja na fomu yao yenye saini na tarehe. Sitoki kaunta mpaka niione namba kwenye skrini ya BIOS.

Wakuu, kama kuna aliyebadilishiwa mazabodi chini ya waranti na akarudishiwa ufunguo, naomba aniambie: waliutia kituoni ukiwa umesubiri, au ilibidi mashine irudi kwa watengenezaji? Na fomu yenu ya matengenezo iliandikwaje hapo penye leseni? Yangu haina hata mstari wa hilo.