Tupeane uzoefu: tangawizi ndani ya chungu, ndoo au bidoni

Mama Himbi (Goma)
Mvua za Septemba zimerudi, na tangawizi zilizokaa kikapuni jikoni zimeanza kutoa macho. Hapa Goma parseli (viwanja) nyingi zimekaa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, jembe haliingii, kwa hiyo tuongee vyombo. Kila mwenye ujuzi aweke wake: udongo, kina, na hasa pale mmea unapofia.

Naanza na mbegu. Chukua tangawizi nzito mkononi, ngozi haijakunjamana, ncha za vidole vyake zimevimba na kugeuka njano-kijani. Hayo ndiyo macho. Kata vipande vya gramu 30 hadi 50, kila kimoja kiwe na macho mawili au matatu. Mkato uwe njano safi. Ukiona duara la kahawia au maji ya kijivu, tupa tangawizi yote, hata upande unaoonekana mzima. Vilivyo safi viache kivulini siku mbili tatu mpaka uso wa mkato ukauke kama karatasi.

Ba Kadutu (Bukavu)
Ndiyo hivyo, mama. Anayekata asubuhi na kupanda jioni anazika kidonda kibichi.

Fundi wa Ndoo (Goma)
Chombo kiwe kipana kuliko kirefu, kwa sababu tangawizi hutambaa kwa upande. Kina cha sentimita 30 na upana wa 40 vinatosha vipande vitatu. Bidoni (dumu) ya lita 20 usiisimamishe: ilaze, ukate ubavu wa juu wote. Toboa matundu manane chini kwa msumari mnene uliochomwa kwenye mbabula (jiko la makala), kisha inua chombo juu ya mawe mawili ili maji yapate njia. Ndani, chini kabisa, tandika mawe ya volkeno sentimita tano, halafu udongo. Funika kipande kwa udongo wa sentimita tano, macho yakitazama juu.

Yaya Ruashi (Lubumbashi)
Yote sawa, kasoro hayo mawe ya chini. Hayo ndiyo yanayoozesha.

Fundi wa Ndoo (Goma)
Yaya, Goma nzima tunaweka mawe. Maji yanapita kati yake, kila mtu anaona.

Yaya Ruashi (Lubumbashi)
Yanapita yakishafika kwenye mawe. Shida ni kwamba hayafiki upesi. Udongo laini hushika maji, na pale unapokutana na mawe makubwa maji husimama mpakani mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Chukua sponji ya kuoshea sahani, iloweshe, ilaze kiganjani mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima: inadondosha tena. Kimo kikipungua, maji mengi zaidi hubaki. Ukitandika mawe umepunguza kimo cha udongo, na tope umelisogeza karibu na mizizi. Hayo mawe yenu ni mali, lakini yapondeni yawe kama punje za mahindi, myachanganye humo humo: karai mbili za udongo mweusi, moja ya mboji iliyoiva, moja ya kokoto hizo.

Fundi wa Ndoo (Goma)
Kuchanganya nakubali. Ila mimi bado naona matundu yakiwa makubwa, mawe ya chini hayaui.

Mama Nguba (Bukavu)
Niruhusuni niandike kirefu kuhusu kuoza, maana ndiko watu wanakopoteza mmea wa miezi mitano kwa wiki moja.

Kuoza kuna namna mbili na dawa zake hazifanani. Ya kwanza hutokana na maji kukaa. Huanza na majani ya chini: ncha inakuwa njano, unjano unashuka ukingoni. Kisha shina linalainika pale linapotoka udongoni. Ukilivuta taratibu linakuja lenyewe bila kukatika, na mwisho wake ni kahawia, unateleza, harufu mbaya. Hapo bado kuna nafasi. Mwaga chombo chote, kata sehemu laini mpaka ukute nyama ya njano safi, kausha siku tatu, panda upya kwenye udongo mwingine. Mwagilia tu kidole chako kikizama pingili moja bila kukuta unyevu.

Ya pili ni mnyauko wa bakteria, na huo hauna huruma. Majani yanajikunja kama sigara yakiwa bado kijani, mchana wa kwanza unadhani ni jua. Unamwagilia, hayainuki. Kata shina karibu na udongo, tumbukiza mkato kwenye glasi ya maji safi, tulia dakika chache bila kuitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ndio huo. Hakuna dawa. Ng'oa vyote, choma, udongo usiurudishe popote, kisu kioshe kwa jiki kabla hakijagusa mmea mwingine.

Ba Kadutu (Bukavu)
Uzi wa maziwa! Na udongo huo nyanya zitakubali?

Mama Nguba (Bukavu)
Hapana, baba! Ugonjwa huo huo hula nyanya, viazi na biringanya. Hata udongo uliotoka kwenye nyanya zilizonyauka usiweke tangawizi.

Mama Himbi (Goma)
Glasi hiyo kila mtu aijue. Na majivu ya makala je? Wengi wanajaza.

Fundi wa Ndoo (Goma)
Kijiko kimoja cha chakula kwa chombo, kila miezi miwili. Yana potasiamu, lakini yanaondoa uchachu wa udongo, na tangawizi inapenda uchachu kidogo.

Ba Kadutu (Bukavu)
Mimi nasema majivu yaachwe kabisa. Mboji viganja viwili kila mwezi, ukifunika vidole vinavyochungulia, inatosha. Samadi mbichi ndiyo kabisa isiguse.

Yaya Ruashi (Lubumbashi)
Walio Lubumbashi wasifuate kalenda ya Kivu, yaani ya Goma na Bukavu. Huku tunapanda mvua zikishika, Oktoba au Novemba. Juni na Julai usiku ni baridi, majani yanakauka yenyewe. Huo si ugonjwa, ni usingizi. Acha kumwagilia, ingiza chombo jikoni, na vidole vitakaa humo mpaka joto lirudi.

Mama wa Birere (Goma)
Jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha kivuli. Moshi wa volkeno ukielekea upande wetu, ingiza chombo barazani, mvua yake inaacha madoa ya kuungua kwenye majani.

Ba Kadutu (Bukavu)
Na kuvuna? Watu wanachimba mapema.

Mama Nguba (Bukavu)
Ya chai unaweza kuanza mmea ukifikisha miezi mitano: fukua ukingoni kwa mkono, kata kidole kimoja cha tangawizi, rudisha udongo. Ya kukausha au ya mbegu ngoja miezi minane hadi kumi, majani yageuke njano. Wiki mbili za mwisho usimwagilie. Ukikwaruza kwa ukucha na ngozi haibanduki, imekomaa.