Tupeane uzoefu: likizo Mwanza na watoto wadogo, kwa shangazi, kwa bibi Ukerewe na kisiwani Saanane

MtoMngeta
Wakuu, mwangaluka. Likizo ya Juni familia inatoka Morogoro kwenda Mwanza. Watoto ni wawili: mmoja ana mwaka na miezi minane, mwingine miaka minne. Tunaanzia kwa shangazi Mabatini, tunavuka kwa bibi Ukerewe, na katikati watoto wameahidiwa Saanane na michezo ya bembea. Wenye kujua tupeane ya kiutendaji: usafiri, maji, chakula, dawa, nini huharibika na kwa nini.

Konda_Mstaafu
Morogoro mpaka Mwanza ni zaidi ya kilometa 900. Msiimalize kwa mkupuo mmoja na mtoto wa umri huo. Pandeni treni ya SGR mpaka Dodoma, mlale, asubuhi mshike basi la Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Siti iwe katikati ya basi, kwa sababu ya nyuma na iliyo juu ya tairi zinarusha sana, na mtoto wa miaka minne ndiye hutapika zaidi. Walio chini ya miaka miwili huwa hawasumbuliwi sana na kichefuchefu cha safari.

Pampasi hesabuni moja kwa kila saa tatu, halafu ongezeni nne, maana mkikwama barabarani dukani mtakuta saizi ya mtoto mchanga tu. Wa miaka minne mbebeeni kopo pana lenye mfuniko wa kuzungusha, basi halisimami kila akibanwa. Chakula cha njiani kiwe kikavu: viazi vitamu vya kuchemsha, mkate, ndizi. Maziwa yaliyokaa kwenye chupa ya joto tangu alfajiri msimpe mchana, yameshaharibika hata kama hayajaganda.

Mama_Kulwa_na_Doto
Kwenye basi wape Piriton kidogo, wanalala mpaka Shinyanga.

NesiWaZamu
Hapana dada. Ushauri huu unazunguka kila likizo na ni wa hatari. Piriton ni dawa ya mzio. Watoto wengine huwafanya wachachamae badala ya kulala, na ukikadiria kwa macho unazidisha dozi bila kujua. Ile nyingine ya kuzuia kutapika, promethazini, haitolewi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumkatisha pumzi. Mtoto anayelala kwa dawa kichwa kikiwa kimeinamia kifuani huwezi hata kumwona anavyohangaika.

Mama_Kulwa_na_Doto
Watoto wangapi wamepewa na wakafika salama? Msitishe watu.

NesiWaZamu
Waliofika salama hawafuti ya wale ambao hawakufika. Kichefuchefu kinatulizwa kwa kuepuka siti za nyuma, kuangalia nje badala ya simu, na kula kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha ORS kijiko kimojakimoja. Pakiti moja ni kwa lita moja ya maji safi, si kikombe. Hakuna pakiti? Vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwenye lita hiyohiyo. Ikifika saa 24 mwaga, tengeneza upya.

Mabatini_Juu
Umetaja Mabatini, basi sikiliza. Nyumba za milimani huku, iwe Mabatini, Igogo au Bugando, ngazi zake ni mawe yaliyopangwa bila kizuizi pembeni. Mtoto aliyezoea uwanja tambarare hajui kushuka. Siku ya kwanza, kabla hata mabegi hayajafunguliwa, mfundisheni kushuka kinyumenyume kwa magoti, na muombe shangazi ubao au benchi la kuziba mlango unaoelekea ngazi.

Kisha zungukeni nyumba mkitafuta vitu vinne. Kwanza jiko la mkaa, ambalo huwa sakafuni: lihamishwe au lizungushiwe matofali. Pili, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Yakinyweka USIMTAPISHE, yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu. Mvue nguo zilizolowa mafuta, kimbia hospitali, na chupa uibebe. Tatu, ndoo na mapipa ya maji. Maji yakikatika kila chombo hujazwa, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu akitumbukia kichwa kwenye ndoo hawezi kujitoa, hata maji yakiwa kina cha kiganja. Mfuniko, na juu yake jiwe. Nne, dawa za wazee za presha na sukari. Zinakaa kwenye mkoba wa bibi au chini ya mto, na kidonge kimoja tu cha sukari kinaweza kumwangusha mtoto.

Mwombeni shangazi kwa heshima. Semeni "shangazi, huyu mjukuu wako ana mikono mirefu, tusaidie kupanga vitu," naye atapanga mwenyewe.

Igogo_Reli
Ya ndoo naunga mkono kwa mikono miwili.

Capri_Asubuhi
Saanane nendeni asubuhi mapema. Boti zinaondokea ofisi za hifadhi pale Capri Point, na safari ni ya dakika chache tu. Walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, lakini beba vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, msitegemee noti mfukoni.

Hifadhi yote, pamoja na maji yake, ni kilometa za mraba 2.18, kwa hiyo mnaitembea bila gari. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Wadogo watapenda swala pala, pimbi juu ya majabali, kobe, na mijusi yenye kichwa chekundu. Sasa yanayoharibika. Tumbili wanajua sauti ya mfuko wa nailoni: chakula kiwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, na mtoto asitembee na ndizi mkononi, maana anayenyang'anywa ndiye anayekwaruzwa. Majabali ikifika saa sita yanaunguza nyayo, kwa hiyo viatu vya kufunga, si kandambili. Na ukingo wa maji si wa kuchezea hata kidogo, mamba wapo. Msindikizaji wa hifadhi akisema turudi, rudini.

Kigari cha kusukuma mtoto kiacheni mjini. Beba mbeleko.

Baharia_Kirumba
Mbeleko nchi kavu. Kwenye boti ifunguliwe. Narudi kwa hili nikipata nafasi.

FundiBembea
Michezo ya sikukuu, yale majumba ya upepo ya kurukia, mzazi akague mwenyewe kabla ya kulipa. Angalia kamba za pembeni: kila kona iwe imefungwa kwenye kigingi kilichozama au kwenye mfuko wa mchanga, maana upepo wa ziwa ukianza mchana jumba lisilofungwa hubiringika na watoto ndani. Sikiliza feni: isimame nusu dakika tu na kuta zinalala. Gusa plastiki kwa nyuma ya kiganja, ikikuunguza wewe itamuunguza yeye. Kubwa kuliko yote, wakubwa na wadogo wasiingie pamoja. Mvunjiko mara nyingi hutokea pale mwenye kilo 30 anapomwangukia mwenye kilo 11. Subiri zamu ya wadogo, na kama mwenye mchezo hagawi zamu, ondoka.

Kwenye mteremko wa kuteleza usimpakate mtoto mapajani. Mguu wake hunasa ukingoni na uzito wako unausokota mpaka mfupa unavunjika.

NesiWaZamu
Sasa maji ya ziwa, na hapa naomba msinichoke. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kile cha tumbo. Mtu mwenye minyoo akijisaidia karibu na maji, mayai yanaanguliwa na kuingia kwenye konokono wadogo wa kwenye magugu ya kina kifupi. Konokono wanatoa vimelea visivyoonekana, hasa kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, jua likiwaka. Vimelea vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu.

Wazazi wanasema "mwanangu hajaogelea." Lakini amelowekwa kwenye beseni la maji yaliyochotwa ziwani saa hiyohiyo! Kwa walio chini ya miaka mitano beseni ndilo mlango mkubwa. Dawa yake ni rahisi. Chemsha, au chota maji yakae kwenye chombo chenye mfuniko siku mbili kamili bila kuongezea mapya, na bila konokono wala magugu ndani. Vimelea vinakufa vyenyewe. Pangeni vyombo viwili kwa bibi: kimoja kinakaa, kingine kinatumika.

Mvuvi_Ilugwa
Sisi tumezaliwa humo, tumeoga humo, tunavua humo. Mtoto akitoka majini mkaushe kwa taulo haraka, yanaisha. Watu wa mjini mnalifanya ziwa kama sumu.

NesiWaZamu
Kaka, hakuna anayeliita ziwa sumu. Taulo hupunguza kidogo tu, si kinga, kwa sababu mtoto hakai majini sekunde tano tu. Na waliokulia humo wengi wanao, bila kujua. Minyoo inakula taratibu: damu inapungua, mtoto anadumaa, ukubwani ini na bandama vinavimba, wengine wanatapika damu. Ndiyo maana dawa hugawiwa shuleni. Wa chini ya miaka mitano hawapo shuleni, kwa hiyo wanapitwa.

Mvuvi_Ilugwa
Kutapika damu kupo, hilo silikatai. Kwetu tumewazika watu hivyo.

MtoMngeta
Asanteni sana. Kuvuka kwenda Ukerewe ni meli au kuzunguka Bunda?

Baharia_Kirumba
Njia ni mbili. Meli kutoka bandarini Mwanza mpaka Nansio, karibu saa tatu na zaidi. Au basi kutoka stendi ya Nyamhongolo, Bunda, Kisorya, kivuko kifupi mpaka Rugezi, kisha Nansio. Kwa mtoto anayetapika kwenye gari, meli. Kwa mzazi anayeogopa maji, Kisorya, na pale abiria wote washuke kwenye gari kabla halijaingia kivukoni, pamoja na mtoto aliyelala.

Bwisya_20Septemba
Ndugu zangu, mkitaja kivuko na watoto naomba niandike. Alhamisi, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Bwisya, Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na siku ile walipanda mara mbili ya hapo na zaidi, na magunia juu. Mwendo wote kilikwenda. Kilipinduka kikiwa kimeshakaribia gati, watu wa nchi kavu wakiona, kwa sababu abiria walisogea upande mmoja kujiandaa kushuka. Walikufa zaidi ya watu 220. Siku ya tatu wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai, alikuwa amejifungia kwenye chumba kilichobaki na hewa. Watoto waliokuwa mgongoni na mapajani hawakubaki.

Mnaokuja na watoto: hatari haiishi mkishaiona gati. Kaeni chini mpaka kamba zifungwe. Na chombo kikijaa, shukeni, hata kama nauli imeshalipwa na bibi anasubiri na kuku.

Igogo_Reli
Mungu awarehemu.

Nansio_Sokoni
Amina. Na kabla ya hapo MV Bukoba, Mei 21, 1996.

Mama_Kulwa_na_Doto
Mimi sivuki tena. Mwambieni bibi aje Mwanza.

Nansio_Sokoni
Bibi ana magoti mabovu, dada. Na visiwani tunaishi watu, tunavuka kila siku. Kinachohitajika ni nidhamu ya kupakia.

Baharia_Kirumba
Nimerudi, na ni kwa hili hasa. Jaketi okozi la mtoto huchaguliwa kwa kilo, si kwa umri. Soma lebo ya ndani. Liwe na kola nene nyuma ya kichwa, inayomgeuza uso juu, na mkanda unaopita katikati ya miguu. Ukishafunga, mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, na majini atachomoka chini yake. La mtu mzima halimfai hata ukilifunga kwa kanga. Maboya ya kujaza upepo mkononi ni midoli. Boti ndogo mara nyingi hazina saizi za watoto, kwa hiyo ukiweza nunua ubebe lako.

Mbeleko inafunguliwa kwa sababu hii: mama akitumbukia na jaketi, jaketi linamlaza chali, na mtoto aliye mgongoni anakuwa chini ya maji. Mpakate mbele, kila mmoja na jaketi lake, hakuna aliyefungwa kwa mwenzake. Asubuhi ya safari tazama utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini huchafua maji.

Nansio_Sokoni
Chakula kwa bibi. Sato ni mtamu lakini miiba yake ni myembamba, kwa mtoto wa mwaka mmoja mpe mnofu wa sangara, miiba yake ni mikubwa unaiona. Papasa kwa vidole kabla ya kumlisha, usiamini macho. Dagaa toa vichwa, osha mara tatu au nne mpaka mchanga uishe, kausha, twanga, kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli la uji. Bibi atataka kumpa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa: ile iliyopikwa ikalainika ni sawa, kavu ni ya kumkaba. Chandarua mbebe chenu chenye dawa, maana vya wageni huwa na matobo.

NesiWaZamu
MtoMngeta, andika haya mawili mwisho wa daftari lako. Homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo baada ya kurudi Morogoro, pima malaria siku hiyohiyo na umwambie daktari mlikuwa kanda ya ziwa. Kama mtoto aligusa maji ya ziwa, choo kipimwe kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 8. Ukipima mapema mayai hayajaanza kutoka, utaambiwa hana. Wala msimeze prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku ya kuondoka mkidhani ni kinga, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki. Mpime uzito kabla, dozi ni kwa kilo.

MtoMngeta
Nimenakili yote. Jaketi la kilo 11 linapatikana wapi Mwanza mjini, au nilitafute Dar?

Baharia_Kirumba
Ulizia maduka ya vifaa vya boti na uvuvi Kirumba, mwaloni. Nenda na mtoto ajaribishwe palepale.