Goti la mama limeisha: tukubali operesheni?

Jambo ndugu zangu. Mama yetu ana miaka 68, tunakaa Kadutu, na mnajua vilima vya Bukavu: kufika barabarani ni ngazi tupu. Radio (picha ya mifupa) ilionyesha gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika, mfupa unasuguana na mfupa. Sindano zilimtuliza miezi michache tu, sasa hata usiku halali. (Shangazi bado anamkanda na mawese ya moto, nimemwacha.) Daktari anataka awekewe goti la bandia, la chuma na plastiki, linaloweza kudumu miaka 15 au zaidi. Ila mama ana sukari. Naogopa kidonda kuingia mikrobu. Aliyemuuguza mzazi baada ya operesheni hii aniambie: sukari mliishusha vipi kwanza? Ngazi alipanda tena lini? Na je, tuvuke mto Ruzizi, mpakani na Rwanda, twende Kigali?