Naombeni ushauri wakuu, sapoti livingi hapa Uingereza inanielemea

Mbeba Mizigo:
Wakuu heshima kwenu. Niko Leicester, nimepiga kazi za kea, kuhudumia wazee na wenye ulemavu, miaka tisa, mwaka jana nikafungua kampuni yangu ya sapoti livingi, yaani mtu mwenye ulemavu anapanga kwake na sisi tunamsaidia humo humo, usajili wa CQC, wale wasimamizi wa huduma za kea, ukatoka nikajua nimetoboa. Nikakodi nyumba ya vyumba vinne nikaitengeneza vizuri, mpaka leo wanaokaa ni wawili tu na vile vyumba vingine kodi natoa mfukoni, kaunsili, ile halmashauri inayotuletea watu na kutulipa, nikiwapigia wanasema tutakuletea mtu, wiki zinapita. Invoisi zenyewe zinachelewa kulipwa na vijana wangu wanataka mshahara tarehe yao.

Kinachoniuma zaidi ni kijana mmoja, ana otizimu (usonji), haongei. Asubuhi kikombe chake cha bluu kinatakiwa kiwe kushoto kwa birika, kijiko ndani, hapo anakunywa chai ametulia. Kea aliyemzoea kaacha kazi kaenda kwenye maghala wanakolipa zaidi, nikaleta mtu wa ejensi, akaosha kikombe akakiweka kabatini. Nilipofika kijana ameshajigonga ukutani paji lote limevimba. Nimekaa naye sakafuni saa nzima. Niendelee au nifunge?

Mama Wawili:
Pole sana kaka. Hilo tukio umeliandika, na afisa ustawi wake na familia umewaambia? Kama bado fanya leo leo. Halafu mkataba wa nyumba uko kwa jina la nani?

Mbeba Mizigo:
Nimeandika dada na mama yake nimempigia. Mkataba ni jina la kampuni, na huduma kampuni hiyo hiyo.

Mzee wa Zamu:
Hapo ndo pabaya mdogo wangu. Mpangaji anatakiwa awe na mkataba wake wa kupanga, kodi inalipwa na posho yake ya nyumba, huduma ni mkataba mwingine kabisa, akikuchoka anabadilisha watoa huduma yeye anabaki kwake. Ukivifunga pamoja CQC wanaweza kukuhesabu kea homu, yaani makao ya kutunzia watu, na usajili wake ni mwingine. Tafuta shirika la nyumba liichukue hiyo nyumba, na muandikiane mapema chumba kikikaa tupu hasara ni ya nani. Na usijaze kwa pupa, ukimleta mtu wa kupiga kelele usiku utawapoteza hata hao wawili.

Nyota ya Pwani:
Mkuu rudia hesabu zako. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kilipanda kikawa £12.21 kwa saa, bima ya taifa anayolipa mwajiri ikawa 15% na unaanza kuilipa mshahara wa mfanyakazi ukivuka £5,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa £9,100. Kama bei ya kaunsili ni ya kabla ya hapo kila saa unayotoa unakula mtaji, waandikie na mchanganuo wote uombe wapandishe. Kuleta watu wapya kutoka nyumbani kwa viza ya kea sahau, ule mlango ulifungwa Julai 2025.

Mama Wawili:
Usifunge kaka. Piga picha ya kile kikombe kikiwa mahali pake ubandike jikoni, na mgeni yeyote asiachwe peke yake na kijana mpaka apige shifti mbili na mwenyeji. Na huyo aliyeacha mpigie, muombe hata siku moja kwa wiki.

Mbeba Mizigo:
Nimempigia sasa hivi, anakuja Jumamosi asubuhi. Mzee nakufuata inboksi kuhusu mashirika ya nyumba. Asanteni sana.