Mjadala: Mzungu mbaguzi akiua, kwa nini anachelewa kuitwa gaidi?

Fundi_Sheria (Dar):
Wakuu, naleta hili tulijadili. Januari 2025 Marekani iliingiza Terrorgram kwenye orodha yake ya magaidi. Huu ni mtandao wa wazungu wabaguzi waliokuwa wakikusanyika Telegram, wakigawiana maelekezo ya namna ya kuua watu na kuhujumu mitambo ya umeme, na wakiwatukuza wauaji kama watakatifu. Viongozi watatu walitajwa: mmoja yuko Brazil, mmoja Croatia, mmoja Afrika Kusini. Juni 2024 ilikuwa zamu ya Nordic Resistance Movement ya Skandinavia. Aprili 2020 ilikuwa Russian Imperial Movement ya Urusi, na hilo ndilo kundi la kwanza kabisa la wazungu wabaguzi ambalo Marekani ililiweka humo.

Sasa hesabuni wenyewe. Breivik, mzungu mbaguzi wa Norway, aliua watu 77 huko kwao Julai 2011. Kundi la kwanza linaorodheshwa 2020. Swali langu: orodha hizi zinazuia mauaji, au ni karatasi tu? Na kwa nini zimechelewa hivi? Nataka hoja, siyo matusi.

Dereva_wa_Lori:
Zimechelewa kwa sababu wanaoandika orodha wanafanana sura na wanaotakiwa kuandikwa. Muislamu akishika kisu anaitwa gaidi kabla polisi hawajafika. Mzungu akiua watu 49 msikitini New Zealand, kuna gazeti Uingereza likatuwekea picha yake ya utotoni, nywele za dhahabu, mtoto mzuri. Mnataka hoja gani zaidi?

Bint_Mvita:
Ni 51, kaka, siyo 49. Hiyo 49 ni hesabu ya siku yenyewe, Machi 15, 2019. Wengine waliongezeka, wa mwisho alifia hospitali Mei. Na mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 3, wa familia ya Kisomali. Tukiwataja tuwataje wote.

Dereva_wa_Lori:
Umenirekebisha vizuri dada. 51. Mungu awarehemu.

Mpwani_Göteborg:
Naomba niseme kitu kuhusu hao Warusi, maana mimi naishi mji waliouumiza. Mwaka 2016 vijana wawili wa Kiswidi walikwenda St. Petersburg kwenye kambi ya hilo kundi la Russian Imperial Movement. Mafunzo ya kijeshi, unalipia, unafundishwa. Wakarudi. Kati ya Novemba 2016 na Januari 2017 mabomu yakategwa hapa Göteborg, Uswidi, mojawapo kwenye makazi ya wakimbizi. Mfanyakazi wa pale aliumia vibaya. Walikamatwa, wakahukumiwa 2017.

Kwa hiyo Fundi, ukiuliza kama orodha ni karatasi, mimi nasema inategemea. Kambi iko nchi moja, bomu linalipuka nchi nyingine. Polisi wa hapa hawana mkono wa kufika St. Petersburg. Kitu pekee unachoweza kubana ni pesa na safari, na hivyo ndivyo orodha inavyofanya kazi.

Fundi_Sheria (Dar):
Hapo umenisaidia. Niongeze la kisheria: Marekani inaweza kuorodhesha makundi ya nje tu. La ndani, hata likiwa na sumu kiasi gani, halina orodha ya namna hiyo, kwa sababu katiba yao inalinda sana maneno na kujumuika. Ndiyo maana utaona wanataja Warusi, Waswidi, mtandao wa Telegram, wakati vikundi vya nyumbani kwao vinashtakiwa kwa makosa ya bunduki na njama. Uingereza ni tofauti. Wao walipiga marufuku National Action, kundi la hukohuko kwao, Desemba 2016, miezi michache baada ya mbunge wao Jo Cox kuuawa na mzungu mbaguzi. Kanada nayo 2019 iliweka kwenye orodha yake makundi ya wazungu wabaguzi, Blood & Honour na Combat 18.

Mzalendo_Dodoma:
Nimesoma yote na bado sioni linatuhusu nini. Wazungu wanauana na wageni wao kwao, sisi tunakesha. Na niseme ukweli ambao wengi mnauogopa: mlikwenda wenyewe. Hakuna aliyewafunga kamba. Kama hamtakiwi, rudini nyumbani mjenge nchi.

Toka_Nyarugusu:
Bandugu, sikutaka kuandika leo, lakini huyu wa "mlikwenda wenyewe" nitamjibu.

Mimi niko Buffalo, New York. Siku ya Jumamosi, Mei 14, 2022, kijana wa miaka 18 aliendesha gari zaidi ya saa tatu kuja kwenye duka la Tops, barabara ya Jefferson. Alichagua mtaa huu kwa sababu alitafuta kwenye takwimu mahali penye weusi wengi. Aliua watu 10, wote weusi. Alikuwa amesoma maandishi ya yule muuaji wa misikitini Christchurch, New Zealand, akayanakili, na akarusha mauaji mbashara kama yule alivyofanya.

Sisi tunanunua vitu kwenye duka hilo. Tangu siku ile mke wangu akiingia dukani popote, kwanza anatafuta mlango wa nyuma uko wapi. Anasukuma toroli kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto. Hata maziwa hachagui, anachukua lililo mbele. Akifika nyumbani ndiyo anaona limepita tarehe.

Sasa wewe Mzalendo unasema nilikwenda mwenyewe. Mimi nilitoka Kivu ya Kusini, Kongo, nikiwa mtoto mgongoni mwa mama. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nchini mwako. Sikuwa na ruhusa ya kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Na neno la kwanza la Kiswahili cha Tanzania nililolielewa vizuri kwenye foleni ya mahindi, ndugu yangu, lilikuwa hilohilo: rudini kwenu.

Mzalendo_Dodoma:
Usinifananishe na muuaji. Tanzania imewabeba nyinyi tangu 1996 kambi ile ilipofunguliwa, na kabla yenu Warundi, na Wanyarwanda. Nchi maskini, tukagawana hichohicho. Nani mwingine alifanya hivyo?

Toka_Nyarugusu:
Sikukufananisha naye. Nimesema neno ni lilelile. Shukrani kwa Tanzania ninayo, mama yangu amezikwa huko. Lakini shukrani haizuii mtu kusema alipoumizwa.

Mama_Kasulu:
Mimi ni wa Kasulu, nawajua hao watu wa kambi tangu tukiwa wasichana. Tulinunua kwao dagaa na vitenge, wakanunua kwetu ndizi. Walituita dada, tukawaita dada. Siyo kila Mtanzania aliwaambia rudini. Baba wa Nyarugusu, pole sana kwa neno hilo, ila usituweke wote kapu moja.

Dereva_wa_Lori:
Mama, hakuwaweka. Yeye amemjibu mmoja.

Mzalendo_Dodoma:
Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo nalo ni ubaguzi? Ni methali ya wazee wetu.

Toka_Nyarugusu:
Jembe ningelichukua kwa mikono miwili. Kibali cha kulima nje ya kambi ndicho sikupewa.

Fundi_Sheria (Dar):
Wakuu, tunapotea. Swali lilikuwa orodha za ugaidi. Tafadhali.

Bint_Mvita:
Hatujapotea, Fundi, ila nitarudi kwenye orodha kama unavyotaka, na hutafurahi. Nyote mnashangilia orodha kana kwamba ni dawa. Njooni Mombasa niwaonyeshe orodha ilivyotufanya.

Aprili 2015, baada ya wanafunzi na wengine, jumla 148, kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilitoa orodha ya majina 86 ikafungia akaunti. Humo yalikuwemo maduka ya hawala ambayo watu hupokelea pesa za ada na dawa. Yakawemo pia mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, Muhuri na Haki Africa, yaliyokuwa yakiuliza vijana wetu wanaochukuliwa usiku wanapelekwa wapi. Mahakama ilikuja kusema hayana uhusiano na ugaidi, lakini miezi imeshapita, mishahara haijalipwa, na jina limeshachafuka mtaani. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2014, Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, walijazwa uwanja wa Kasarani kwa maelfu, na waliokuwa na vitambulisho halali walikuwemo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Leo wanaandika mzungu mbaguzi, na mimi moyo unafurahi, sitaficha. Lakini kalamu ni ileile, na kesho itaandika nani?

Mpwani_Göteborg:
Bi Mvita, hoja yako nzito. Lakini unataka nini badala yake? Tusiandike mtu yeyote?

Bint_Mvita:
Nataka anayeandikwa aonyeshwe ushahidi, apewe siku ya kwenda mahakamani kabla watoto wake hawajalala njaa. Na nataka kipimo kiwe kimoja. Tume ya uchunguzi ya New Zealand ilikabidhi ripoti Novemba 2020, ikasema wazi kwamba vyombo vya usalama vilielekeza nguvu isivyofaa kwenye tishio la ugaidi wa Waislamu wenye itikadi kali. Yule muuaji alikuwa ananunua bunduki kwa leseni halali, anafanya mazoezi ya shabaha klabuni. Waliokuwa wakitazamwa ni waliokwenda kuswali.

Dereva_wa_Lori:
Hapo ndipo pananiuma mimi.

Fundi_Sheria (Dar):
Tuwe wakweli lakini, tume hiyohiyo ilisema pia kwamba hata nguvu zingegawanywa sawa, hakuna uhakika angegunduliwa. Alikuwa peke yake. Hana kundi, hana kadi ya uanachama. Orodha ya makundi ingemkamata vipi?

Mpwani_Göteborg:
Peke yake? Alituma yuro 1,500 kwa kiongozi wa kundi moja la Austria mwaka mmoja kabla. Kiongozi yule alisema hakujua lolote kuhusu mauaji, sawa, simshtaki. Ila mtu wa Australia, anayeishi New Zealand, anayetuma pesa Austria, na maandishi yake yanasomwa na kijana wa Buffalo na mwingine wa Bratislava, Slovakia, aliyeua watu wawili Oktoba 2022. Huyo ni mtu wa peke yake wa namna gani? Sisi tukiona Mwarabu anatuma pesa kwa mjomba wake benki inampigia simu.

Msomaji_Kimya:
Nijibu lile la "halituhusu", ingawa mmeshalipita. Mzungu mbaguzi aliyeua watu 9 kanisani Charleston, Marekani, Juni 2015 alipiga picha amevaa koti lenye bendera mbili kifuani. Moja ya Afrika Kusini ya makaburu, nyingine ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ilipokuwa chini ya wazungu. Rhodesia, wakuu. Nchi ambayo vijana wa Zimbabwe walikuja kambi za Tanzania kujifunza kupambana nayo. Wao wanatukumbuka vizuri kuliko tunavyojikumbuka.

Mzalendo_Dodoma:
Hilo la bendera sikulijua. Baba yangu alikuwa mwalimu karibu na moja ya kambi zile za wapigania uhuru, alikuwa akituhadithia.

Toka Nyarugusu, neno "rudini" nalifuta. Lakini msimamo wangu kwamba Afrika tushughulike na yetu kwanza uko palepale.

Toka_Nyarugusu:
Hujalifuta, umelisogeza pembeni. Ila nimekusikia, na baba yako kama yu hai msalimie.

Mzalendo_Dodoma:
Alifariki 2009. Ahsante.

Fundi_Sheria (Dar):
Hakuna aliyejibu kuhusu mitandao yenyewe. Facebook walisema waliondoa nakala milioni 1.5 za ile video ya Christchurch ndani ya saa 24 za kwanza. Ardern, waziri mkuu wa New Zealand wakati ule, na Rais Macron wa Ufaransa wakakutanisha serikali na kampuni Paris Mei 2019, Marekani ikakataa kujiunga, ikaja kujiunga 2021. Buffalo, Twitch, mtandao wa kurusha video mbashara, walikata matangazo ndani ya dakika mbili baada ya risasi kuanza. Dakika mbili! Na bado video ilisambaa. Mnaonaje?

Mama_Kasulu:
Mimi hayo ya dakika siyajui. Nina swali kwa baba wa Buffalo. Lile duka lilifunguliwa tena?

Toka_Nyarugusu:
Lilifunguliwa Julai, mama, miezi miwili baadaye. Walilijenga upya ndani. Wapo walioapa hawatakanyaga tena. Wapo waliorudi wiki hiyohiyo kwa sababu mtaa ule hauna duka lingine la kununua mboga, na mzee asiye na gari ataenda wapi. Mke wangu alirudi baada ya mwaka mzima. Alinunua unga na sabuni, akatoka. Nilimsubiri kwenye gari, injini inawaka.