Tupeane uzoefu: Safari ya nje ya nchi ilibadilisha nini katika matumizi yako ya pesa ya kila siku?

#1 Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Tukizungumza safari za nje huwa tunaishia kwenye viza, tiketi na picha. Leo naomba tuzungumze pesa ya mfukoni: ile ya maji ya kunywa, nauli na chakula cha mchana. Biashara na uwekezaji tuziachie mada nyingine.

Ukiwa kwenu unatumia kwa mazoea. Unajua bei bila kufikiri, unajua lini pa kubana na lini pa kuachia. Ukishuka nchi ya watu, mazoea yote yanakatika siku hiyo hiyo. Hujui kipi ghali kipi rahisi, noti zenyewe huzitambui kwa rangi. Kwangu mimi huo ndio wakati niliojiona vizuri zaidi jinsi ninavyotumia.

Mwanzoni kila bei nilikuwa naigeuza kichwani kuwa pesa ya nyumbani, na kila kitu kilionekana kama nanyang'anywa. Nikawa nashinda njaa huku pesa ya kula ninayo. Baadaye hesabu zikanichosha, nikaacha kugeuza, na hapo pesa ikaanza kuteleza. Kilichonisaidia ni kutoa kwanza malazi na nauli ya kurudi, kilichobaki nikakigawa kwa siku nilizobakiza, kwa pesa ya pale pale. Bei nikawa naipima kwa fungu la siku: hiki kinakula robo ya siku yangu, hiki kinakula nusu. Swali la "nyumbani hii ni bei gani" likaisha. Mpaka leo naishi kwa fungu la siku, hata nikiwa sijasafiri popote.

Karibuni. Mlikuwa wapi, na ni tabia gani ya pesa mliyorudi nayo?

#2

Mkuu, hiyo ya kuteleza ina maelezo yake. Mwaka 2002 watafiti Priya Raghubir na Joydeep Srivastava walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyotumia fedha za kigeni. Waligundua kwamba tunaishikilia namba iliyoandikwa kwenye bei kuliko thamani yenyewe. Ukitoka kwenye pesa ya sifuri nyingi ukaingia nchi ambayo bei zinasomeka 3, 7, 12, akili inaona vitu vidogo na unatumia zaidi. Ukienda upande wa pili, kwenye bei za maelfu kwa maelfu, unakuwa bahili bila sababu.

Sisi wengi tunatoka kwenye sifuri nyingi, kwa hiyo hatari yetu iko kwenye euro, pauni na dola. Ya Kuwait ndiyo usiseme, dinari 1 peke yake inazidi dola 3.

#3

Nilisoma Ujerumani. Naomba niandike kirefu kidogo maana ile nchi ndiyo iliyonifundisha bajeti, tena kwa lazima.

Mwanafunzi wa kigeni anayejilipia anatakiwa aonyeshe pesa ya mwaka mzima kabla hajapewa viza. Njia ya kawaida ni akaunti maalumu inayofungwa, wao wanaiita Sperrkonto. Kuanzia Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na kila mwezi unafunguliwa euro 992 tu. Pesa ni yako, iko kwa jina lako, lakini ukiimaliza tarehe 12 hakuna wa kumlilia mpaka mwezi ujao. Nilikulia kwenye maisha ya pesa inapoingia ndipo inapotumika. Mwezi wa pili pale nilikuwa na daftari, na kodi ya chumba na bima ya afya vinatoka siku ile ile pesa inapofunguka, kabla sijanunua hata mkate.

Kuna makato ambayo mgeni hayategemei. Kila nyumba inalipa ada ya redio na televisheni ya umma, wakati wangu ilikuwa euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Barua inakukuta mlangoni. Tuliokaa nyumba moja tuligawana, kwa sababu ada inahesabiwa kwa nyumba. Wanaokwenda: waulizeni wenyeji wenu kuhusu makato ya namna hii kabla hamjapanga bajeti.

Halafu kuna chupa. Tangu 2003 chupa za plastiki na makopo ya kutumia mara moja yana dhamana, senti 25 kila moja. Unailipa dukani juu ya bei ya kinywaji, ukirudisha chupa tupu kwenye mashine ya supamaketi inakutolea risiti, unaipeleka kaunta unapewa pesa au unakatiwa kwenye manunuzi. Chupa za bia za kioo zinazojazwa upya ni senti 8. Wiki ya kwanza nilishangaa kuona wenzangu, watoto wa watu wenye uwezo, wanabeba mifuko ya chupa tupu kwenda dukani bila kuona aibu hata kidogo. Hakuna aliyewatazama. Hapo nilikotoka, kuhesabu senti mbele za watu kulionekana ni dalili ya shida. Kule niliona mtu mwenye nacho anaomba chenji yake kamili, anasoma risiti mstari kwa mstari, anauliza kwa nini kakatwa hiki. Hiyo ndiyo tabia niliyorudi nayo, kusoma risiti kabla sijatoka dukani. Imeniokolea zaidi ya nilivyotarajia.

#4

Asante #3. Mimi Marekani, kwa kifupi. Bei kwenye rafu siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo inaongezwa kaunta, na inatofautiana kwa jimbo na hata kwa mji. Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hawana kodi hiyo ya jimbo, kwingi iko. Mgahawani kuna bakshishi, watu wanatoa asilimia 15 hadi 20, na usiichukulie kama hisani. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991, ingawa majimbo mengi yameweka chao cha juu zaidi. Nilipolijua hilo niliacha kunung'unika. Kama bajeti haitoshi bakshishi, nanunua chakula cha kubeba.

Tabia niliyorudi nayo ni kuongeza robo nzima juu ya bei yoyote ninayotajiwa kabla sijasema "naweza".

#5

Naulizia kadi. Natarajia safari ya kwanza. Nimesikia mashine inakuuliza ulipe kwa pesa ya kwenu au ya pale. Jibu ni lipi?

#6

Mkuu #5, chagua pesa ya pale, kila mara. Ukichagua ya kwenu, anayebadilisha ni mwenye mashine, na kiwango anachotumia kina faida yake ndani. Ukichagua ya pale, ubadilishaji unafanywa na mtandao wa kadi yako (kama Visa au Mastercard) na benki yako, na kwa kawaida ndio nafuu. Skrini inakuja na maneno ya kutuliza, "ujue kamili unacholipa", na kitufe cha pesa ya kwenu ndicho kinachong'aa. Usiharakishwe na foleni nyuma yako. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu Aprili 2020 zinalazimisha mashine kuonyesha asilimia iliyoongezwa juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, kwa hiyo ukiwa huko isome.

Mengine: hoteli na wakodishaji wa magari huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Pesa haijaondoka, ila huwezi kuitumia, na kuachiwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka. Kama kadi yako ni ya akaunti ya kawaida, pesa ya chakula inaweza kuzuiwa humo humo. Beba kadi mbili za mitandao tofauti, moja ikae mbali na pochi. Na kabla ya safari uliza benki yako makato ya kutoa pesa kwenye ATM za nje. Mara nyingi kuna ada ya kila muamala, basi toa kiasi cha siku kadhaa kwa mara moja badala ya kidogo kidogo.

#7

Nyie mmezungumzia kwenda kutembea na kusoma. Sisi tulioenda kufanya kazi pesa yetu ina wenyewe wengine.

Nilikuwa Falme za Kiarabu. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola 1 kwa dirhamu 3.6725, haisogei. Kinachosogea ni pesa ya nyumbani dhidi ya dola, kwa hiyo mshahara ule ule mwezi huu unatosha ada ya shule ya wadogo zako, mwezi mwingine hautoshi, na wewe hujafanya chochote. Siku ya mshahara kwenye maduka ya kutuma pesa ni foleni mpaka nje.

Wageni tunakimbilia bango la "ada ndogo". Ada ni sehemu moja ya gharama. Sehemu nyingine imekaa ndani ya kiwango cha kubadilisha, na hiyo haiandikwi kwenye bango. Swali la kuuliza pale dirishani ni moja: nikikupa dirhamu hizi, mpokeaji anashika ngapi mkononi? Uliza maduka mawili matatu, linganisha jibu hilo tu. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma iwe chini ya asilimia 3. Takwimu za Benki ya Dunia zimekuwa zikionyesha wastani wa dunia bado unazidi asilimia 6 kwa anayetuma dola 200. Asilimia hizo zinamkata mtu wa kipato kidogo kila mwezi, miaka yote anayokaa nje, na inaniuma kwamba hazizungumzwi inavyostahili.

Lililo gumu zaidi ni simu. Ukiwa nje unaonekana una pesa. Niliwaambia ndugu zangu wazi mshahara wangu ni kiasi gani, chumba kiasi gani, chakula kiasi gani, na kila mwezi natuma kiasi hiki, tarehe hii. Mama alinyamaza muda, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tulidhani unalala kwenye ghorofa." Baada ya hapo maombi ya dharura yalipungua kwa sababu walijua hesabu. Leo nimerudi na bado naendesha familia kwa tarehe na kiasi kinachojulikana.

#8

#7 umenigusa, dada au kaka. Ubarikiwe.

Mimi Japani, mafunzo ya kazi. Sarafu ya juu ni yeni 500, hivyo mfuko unajaa sarafu zenye thamani kweli. Kaunta kuna kisahani, pesa unaiweka pale, haipokelewi mkononi, na mhudumu anahesabu mbele yako. Bakshishi haipo, ukiacha chenji mezani unaweza kukimbiliwa urudishiwe.

Mwenyeji wangu alikuwa na daftari la matumizi ya nyumba, kakeibo. Lilianzishwa mwaka 1904 na Hani Motoko, mwandishi wa habari wa kwanza mwanamke nchini humo. Unaandika kwa mkono: kilichoingia, unachotaka kuweka, kilichotoka, na mwisho wa mwezi unajiuliza urekebishe nini. Nina programu za simu za kufuatilia matumizi, nazo zinahesabu kwa usahihi kuliko mimi. Ila nikiandika kwa kalamu "vitafunwa, tena", siku inayofuata mkono unasita.

#9

Naona wote mmerudi na kubana. Mimi nilirudi nikiwa nimejifunza kutumia.

Nilikulia kwenye nyumba ambayo vyombo vizuri vilikuwa vya wageni na pesa ilikuwa ya dharura isiyofika. Nje ya nchi niliishi na mzee mstaafu aliyekuwa na kipato cha kawaida kabisa. Kila Ijumaa alinunua maua ya meza yake mwenyewe. Yalikuwa kwenye bajeti yake kama umeme. Hakuwa anajikopesha wala kujionyesha. Tangu hapo nina fungu dogo la furaha kila mwezi, nalitumia lote na silijutii. Kwa wanaotuma nyumbani hasa, kama #7, tafadhali jiwekeeni na nyie kitu. Nimeona watu wamekaa miaka ughaibuni bila kujinunulia koti la maana.

#10

Tahadhari ya haraka kwa wanaopewa noti za zamani na ndugu waliowahi kusafiri. Uswidi, noti za zamani za krona 20, 50 na 1,000 ziliisha kutumika Juni 2016, za 100 na 500 Juni 2017. Uingereza, noti za karatasi za pauni 20 na 50 zilikoma dukani Septemba 2022, ila Benki Kuu yao bado inazibadilisha. Na ukiwa Uswidi usitegemee noti kabisa, sehemu nyingi hazipokei pesa taslimu. Wenyewe wanalipana kwa Swish, programu ya simu ya kutumiana pesa, na hiyo inataka akaunti ya benki ya kwao, hivyo mgeni ni kadi.

#11 Mwanzisha mada

Nashukuru wote. #9 umenifanya niongeze mstari kwenye fungu langu la siku. Swali dogo: sarafu zinazobaki mnazifanyaje? Duka la kubadilishia linachukua noti tu.

#12

Siku ya mwisho lipa chochote uwanja wa ndege kwa sarafu zote, kisha malizia kwa kadi. Ukimuuliza mhudumu vizuri kabla hajaanza kupiga hesabu, maduka mengi hukubali kugawa malipo. Euro zitunze, zinatumika nchi nyingi. Na baadhi ya mashirika ya ndege hupitisha bahasha za UNICEF za kukusanya chenji za kigeni, mpango ulioanza 1987. Muulize mhudumu wa ndege kama wanazo, maana si kila safari wanapita nazo.