Namaliza uhandisi wa mafuta China Juni hii, mradi wa gesi kimiminika (LNG) nyumbani bado. Nirudi, nibaki, au nishike ukalimani?

Mwana_wa_Korosho ameuliza:

Habari za leo wanajamvi. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni binti wa Mtwara, nasoma Qingdao, China, mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya uhandisi wa mafuta. Mwezi wa tano natetea tasnifu, mwezi wa sita navaa joho, mwezi wa saba kibali changu cha ukaazi kinaisha. Baada ya hapo sina jibu la kumpa mtu, na wanaoniuliza ni wengi.

Nieleze kidogo nilivyofika huku ili mjue mnamshauri nani. Mwaka 2013 nilikuwa darasa la sita pale Mtwara mjini, vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar zilipozuka mwezi wa tano. Tulifungiwa ndani, nje mabomu ya machozi yanalia. Watu walikuwa wanasema "gesi haitoki", na mimi hata gesi yenyewe sikujua ni kitu gani. Baba siku zile alikuwa akirudia neno moja: watoto wetu wangekuwa wamesomea haya mambo, leo wangekuwa ndani wanaulizwa, siyo barabarani wanafukuzwa. Neno hilo ndilo lililonipeleka PCM (fizikia, kemia na hisabati), na ndilo lililonifanya niombe ufadhili wa mafuta wakati wenzangu wote wanaomba udaktari.

Ufadhili nikaupata 2021. China ilikuwa imefunga mipaka kwa korona, kwa hiyo mwaka wa lugha niliusoma nyumbani kwa simu. Wametutangulia saa tano, kipindi chao cha saa mbili asubuhi kwetu ni saa tisa usiku. Mama alikuwa anaamka na mimi ananiwekea chai, anakaa pembeni anasikiliza Kichina asichokielewa mpaka kunakucha. Nikaja kuingia Qingdao mwishoni mwa 2022, moja kwa moja karantini. Tiketi ni korosho za baba za msimu ule, na baba zangu wadogo wakaongezea.

Masomo siyajutii hata kidogo. Tulipelekwa mafunzo kwa vitendo Dongying, kwenye eneo la mafuta la Shengli, ambako mafuta yaligunduliwa 1961. Pampu zimesimama katikati ya mashamba, zinainama na kuinuka mchana na usiku, na mkulima analima pembeni yake. Visima vingine vina umri wa wazazi wetu na bado vinatoa, kwa sababu kuna watu wanaojua kushindilia maji chini ya ardhi hadi mafuta yakubali kupanda. Nilisimama pale nikaitamani kazi ile kwa moyo wangu wote.

Sasa nyumbani. Baba ni mtu wa redio. Juni 2022 aliposikia serikali imesaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell, akanipigia, "Mwanangu, wanakusubiri wewe." Tangu hapo kila simu ni kuulizwa Likong'o, kule Lindi kiwanda cha LNG kinakopangwa kujengwa, naanza lini. Gesi ipo kweli, iliyogunduliwa inazidi futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa iko baharini kwenye kina kirefu. Lakini uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haujatolewa, na hata ukitolewa kesho, ujenzi wenyewe ni wa miaka. Walionitangulia wengi hawapo kwenye mafuta. Mmoja ana duka la simu Kariakoo, mwingine anamtafsiria mfanyabiashara wa Kichina. Nawaheshimu, wanaendesha familia. Ila mimi nataka kisima.

Ninazoziona ni njia tatu. Nibaki niombe uzamili huku. Nirudi nianze kuomba kazi za serikali kama wengine. Au nishike kazi ya ukalimani kwenye kampuni ya ujenzi ya Wachina Dar, wameshaniambia nafasi ipo, na mshahara unatosha kuishi na kutuma nyumbani. Hii ya tatu ndiyo inaninyima usingizi, naogopa nikiingia ukalimani sitoki tena.

Waliopita njia hii, nisaidieni.

---

Mjanja_wa_Guangzhou amejibu:

Baki. Rudi na shahada ya kwanza utakaa mtaani. Ila ujue jambo moja: kwa shahada ya kwanza peke yake China haikupi kibali cha kazi kirahisi, kanuni ya kawaida inadai uzoefu wa miaka miwili baada ya kuhitimu. Mwenye uzamili mwenye matokeo mazuri ndiye anayeweza kusamehewa huo uzoefu, tangu 2017. Kwa hiyo uzamili kwanza. Maombi ya ufadhili mengi hufungwa miezi ya mwanzo wa mwaka, usilale.

---

Nguzo_ya_Busisi amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Mimi nilisomea mafuta Wuhan, nikarudi 2017. Wakati naondoka Tanzania kila mtu alikuwa anazungumza gesi, niliporudi walikuwa wanazungumza reli na bwawa. Kwa hiyo unaposema hulali, nakuelewa.

Nianze na hiyo ya tatu, maana ndiyo niliyopita. Mimi niliingia kwa Wachina kama mkalimani, kwenye ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi pale Ziwa Victoria. Kazi ilianza 2020. Mwanzoni nilikuwa nakaa kwenye kontena natafsiri barua na kusuluhisha ugomvi wa posho. Siku moja wakawa wanachimba mashimo ya nguzo, kuta za shimo zinabomoka, tope la kuchimbia halishiki. Fundi wa Kichina anapiga kelele, vijana wetu hawamwelewi, mimi nikaletwa nitafsiri. Nilipolitazama lile tope nikaona ni somo langu la mwaka wa tatu. Uzito wake, unato wake, mchanga uliomo, vitu vilevile tulivyofundishwa kwa kisima cha mafuta. Shimo la nguzo ni pana na fupi, kisima ni chembamba na kirefu, lakini shimo ni shimo: linataka kushikiliwa lisibomoke wakati unachimba. Nikamweleza yule fundi kwa Kichina tupime nini. Wiki iliyofuata sikurudi kwenye kontena.

Daraja lilifunguliwa Juni 2025, na nilikuwepo.

Lakini sikiliza, nafasi ile ingenipita kama nisingekuwa na vitu viwili. Cha kwanza, usajili. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 huwezi kujiita mhandisi ukafanya kazi ya uhandisi nchini bila kusajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hata uwe umesoma mwezini. Nilikuwa nimeshapitisha shahada yangu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa utambuzi, nikasajiliwa ERB kama mhandisi mhitimu, tena kabla sijapata kazi yoyote. Cha pili, nilikuwa kwenye mpango wa SEAP, ile miaka mitatu ya mhandisi mhitimu kufanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. Msimamizi alipatikana palepale daraja, Mtanzania mwenzetu, akakubali kunisainia ripoti.

Kwa hiyo ukipewa huo mkataba Dar, usiusaini ukiwa umeandikwa mkalimani tupu. Omba waandike mhandisi mhitimu na mkalimani, au mhandisi msaidizi wa eneo la kazi. Wachina wengi hawajali cheo kimeandikwaje alimradi mshahara ni uleule, ila ERB wanajali sana. Ripoti ya SEAP haiwezi kujazwa na "leo nimetafsiri kikao". Na uliza kabla: kwenye mradi huo kuna mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa atakayekusimamia? Kama hayupo, hapo ndipo hofu yako ya kutotoka ina ukweli.

Nashindana kidogo na mjumbe wa juu. Uzamili ni mzuri, sikatai. Lakini miaka mitatu ya uzamili bila siku hata moja ya kazi inakurudisha nyumbani na karatasi nzuri zaidi na swali lilelile.

---

Binti_Madimba amejibu:

Dada, mimi nafanya kazi kwenye gesi huku huku kwenu, sitataja wapi. Nakuambia hali ilivyo ndani.

Kiwanda cha gesi kikishajengwa kinaajiri watu wachache sana. Watu wanaona mitambo mikubwa wanadhani ndani kuna umati. Zamu moja ni watu wa kuhesabu. Songo Songo inazalisha tangu 2004, Mnazi Bay ipo, bomba la kwenda Dar lilikamilika 2015, na bado nafasi za wahandisi wa mafuta zikitangazwa na Sekretarieti ya Ajira utakuta ni mbili, tatu, na walioitwa kwenye usaili wa kuandika wamejaa ukumbi. Wengi wao wamesoma hapahapa nyumbani, ni wazuri, na sheria na kanuni zetu wanazijua. Wewe umesoma viwango vya Kichina. Kaa chini usome Sheria ya Petroli ya 2015, ujue zile mamlaka mbili za udhibiti, PURA anafanya nini na EWURA anafanya nini, nani anadhibiti mkondo wa juu, yaani utafutaji na uchimbaji, na nani wa kati na wa chini, yaani usafirishaji na uuzaji. Nimeona watu wenye alama za kutisha kutoka nje wanaanguka kwenye maswali hayo.

Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, usilidharau. Kilomita 1,443, nyingi ziko kwetu, na mkandarasi wa kulaza bomba ni wa Kichina. Kule Sojo, Nzega, kwenye karakana ya kupaka bomba utando wa kuhifadhi joto, vijana wanaojua lugha zote mbili waliheshimika. Ujenzi unaelekea mwisho lakini bomba litahitaji watu wa kuliendesha: kulipasha joto, kulikagua, kulisafisha, maana mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa yanaganda. Somo la nta kwenye bomba unalo kwenye mtaala wako, nina hakika. Kama tasnifu yako haijafungwa, weka hata sura moja ya hilo. Utakapoulizwa kwenye usaili umefanya nini, utakuwa na la kusema linalohusu nchi hii.

Na kuna gesi ya magari. Dar watu wanabadilisha injini kila siku, bajaji zinapanga foleni kwenye vituo kuanzia alfajiri. Vituo vinaongezeka na vinahitaji watu wa usalama na ukaguzi wa mifumo ya shinikizo kubwa. Siyo kisima, najua. Lakini ni gesi yetu ileile imetoka chini ikapanda bomba, na mtu anayeielewa tangu huko chini anaonekana haraka.

Kisima utakipata dada. Usikisubiri umekaa.

---

Mzee_wa_Mikindani amejibu:

Mwanangu, mimi si msomi wa mafuta, nina vijana wawili waliosoma mbali. Mpigie baba yako umweleze kuhusu Likong'o kabla hujapanda ndege. Mwambie kama ulivyotwambia sisi, na miaka yake. Mkulima wa korosho anajua mche unachukua muda gani, hatashindwa kukuelewa. Kinachomuumiza mzazi ni kusikia kwa jirani kwamba binti yake yuko Dar anatafsiri, yeye ameshatangazia msikiti mzima kwamba wewe ni mhandisi wa LNG. Akijua mapema atakuwa upande wako.

---

Mwana_wa_Korosho ameandika:

Asanteni sana. Nimesoma yote, mengine nimeyarudia.

Kaka Nguzo, hilo la tope la kuchimbia limenifungua macho, maana tasnifu yangu inahusu saruji ya kuzungushia bomba la kisima na sikuwahi kuwaza kwamba inaweza kutumika kwenye nguzo ya daraja. Kesho nawaandikia wale wa Dar kuuliza kuhusu cheo na msimamizi. Wakikataa vyote viwili sitakwenda. Dada Madimba, sura ya nta nimemweleza profesa wangu jioni hii kwa WeChat, amesema niongeze kama sehemu ya mapendekezo, mtaala unayo kweli. Uzamili nimeamua siombi mwaka huu.

Mzee wangu wa Mikindani, nimempigia baba. Alinyamaza muda, halafu akauliza hilo bomba la Tanga linapita mikoa gani. Nikamtajia: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara, Tanga. Akasema basi omba huko.

Swali langu la mwisho: karatasi gani nihakikishe ninazo mkononi kabla sijaondoka China? Kuna dada alirudi mwaka juzi akakwama TCU miezi mingi.

---

Nguzo_ya_Busisi amejibu:

Hapo ndipo wengi hukwama, sikiliza vizuri.

China wanatoa vyeti viwili, biyezheng cha kuhitimu masomo na xueweizheng cha shahada. Chukua vyote viwili, halisi. Kuna wanaoondoka na kimoja wakidhani ni kitu kimoja, na kukifuatilia cha pili ukiwa Mtwara ni kazi kubwa. Matokeo ya mihula yote yawe na muhuri wa chuo, kwa Kiingereza, nakala kadhaa ndani ya bahasha zilizofungwa. Halafu peleka vyeti gongzhengchu, ofisi ya mthibitishaji wa nyaraka, wakuthibitishie tafsiri, ukiwa bado una kibali cha ukaazi. Usingoje wiki ya mwisho, Juni wahitimu wote wanakwenda hukohuko. Uliza pia ubalozi wetu Beijing kama kuna muhuri wao unaotakiwa.

Barua ya udahili na barua ya ufadhili zitunze. Ule mwaka wa lugha uliousoma ukiwa nyumbani, omba chuo barua inayoeleza kwamba ulikuwa wa mtandaoni kwa sababu mipaka ilifungwa, na kwamba shahada yenyewe uliisoma ukiwa chuoni. Usiitupe pasipoti hata ikiisha muda, viza na mihuri ya kuingia ndiyo ushahidi wako. Cheti cha kutokuwa na pingamizi ulichopewa na TCU wakati wa kuondoka kiweke pamoja na vya kidato cha nne na cha sita. Namba ya simu na anwani ya barua pepe ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni andika, pamoja na jina la anayeshughulikia, maana TCU wakitaka kuhakiki lazima kuwe na mtu upande wa pili wa kujibu.

Ukitua Dar, nenda TCU kwanza, ERB baadaye. Ukikwama popote niandikie hapahapa.